Tuhuma Baina ya Mataifa: Lugha ya Kumbainisha Mhusika wa Mashambulio ya Kompyuta na Nafasi yake katika Kujenga Imani

Ikisiri

Makala hii inachunguza lugha inayotumika kumbainisha mhusika wa mashambulio ya kompyuta baina ya mataifa. Hoja yake kuu ni kwamba kumtaja mhusika si tokeo la uchunguzi wa kifundi peke yake. Ni kitendo-usemi chenye masharti yake, na masharti hayo yasipotimizwa, tuhuma hubomoa imani hata pale inapokuwa ya kweli. Mifano imetolewa kutoka Kenya, Estonia, Albania, Marekani, Korea ya Kusini na makao makuu ya Umoja wa Afrika. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kuhusu istilahi za Kiswahili katika uwanja huu.

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa Julai 2023 huduma nyingi za serikali ya Kenya zilikwama. Jukwaa la eCitizen, ambalo kwa njia yake raia wakati huo walipata huduma zaidi ya 5,000, zikiwamo za pasipoti, viza na leseni za udereva, lilizidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo yaliyotumwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Wageni walioshindwa kupata viza ya kielektroniki ilibidi waruhusiwe kuichukua wanapowasili. Serikali ilikiri hadharani kwamba jukwaa limeshambuliwa, ikasema pia kwamba hakuna data zilizopotea.

Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kwamba ndilo lililofanya kazi hiyo, na sababu lililoitoa ni kuwa Kenya inaingilia mambo ya ndani ya Sudan. Dai hilo halikutoka katika ombwe. Vita vya Sudan, vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023, vilikuwa na umri wa miezi mitatu, na upande wa jeshi la Sudan ulikuwa umekwisha kukataa Rais William Ruto aongoze kamati ya IGAD iliyoundwa kutafuta amani. Kwa hiyo swali la nani aliyeishambulia eCitizen halikuwa la mafundi wa kompyuta tu. Kama jibu lingekuwa "serikali ya Sudan", au "upande mmoja wa vita vya Sudan", maana yake kwa Kenya ingekuwa nzito. Kama jibu lingekuwa "vijana wachache wenye kompyuta", maana yake ingekuwa nyingine kabisa. Na kulikuwa na jibu la tatu, lililopendwa na wachambuzi wengi wa Ulaya tangu mwanzoni mwa mwaka huo: kwamba kundi hilo ni la Warusi waliovaa kanzu ya Kisudani.

Makala hii haikusudii kueleza ufundi wa kompyuta. Inakusudia kuonyesha kwamba baina ya tukio na jibu la swali "nani kafanya?" kuna safari ya lugha, na kwamba katika safari hiyo ndimo imani baina ya mataifa hujengeka au huvunjika. Sehemu ya pili inaangalia sarufi na istilahi. Ya tatu, lugha kama ushahidi. Ya nne, tuhuma kama kitendo-usemi. Ya tano, maneno ya kupimia uhakika. Na ya sita, juhudi za mataifa za kujenga kuaminiana.

2.0 Sarufi ya Mhusika

Kiswahili kina nyenzo nzuri za kuonyesha tatizo hili lilivyo. Tuchukue sentensi nne zifuatazo:

(1) a. Mfumo umevurugika.
    b. Mfumo umevurugwa.
    c. Mfumo umevurugwa na watu wa nchi fulani.
    d. Mfumo umevurugwa na nchi fulani.

Sentensi (1a) iko katika kauli ya kutendeka. Msemaji anaeleza hali tu; huenda umeme ulikatika, huenda mashine ilichakaa. Sentensi (1b) iko katika kauli ya kutendwa. Mtenda hatajwi, lakini msemaji amekwisha kujifunga kwamba yupo. Tofauti hii ni ileile iliyopo baina ya "mlango umevunjika" na "mlango umevunjwa": mwenye nyumba anayesema la pili ameanza kumtafuta mwizi. Sentensi (1c) inawataja watu, na (1d) inaitaja dola.

Kutoka sentensi moja hadi nyingine panahitajika ushahidi mpya. Kutoka (1a) hadi (1b) panahitajika ushahidi wa kusudi. Kutoka (1b) hadi (1c) panahitajika ushahidi unaofuata njia kutoka mashine iliyoshambuliwa hadi mashine iliyotumika, na kutoka mashine hiyo hadi mikono iliyokuwa juu yake. Kutoka (1c) hadi (1d) panahitajika ushahidi wa amri: nani alituma, nani alilipa, nani alijua na akanyamaza. Wataalamu wa fani hii hutofautisha viwango vitatu, yaani mashine, mtu na dola. Makosa mengi yanayoharibu uhusiano wa mataifa ni ya kuruka kiwango.

Kiunganishi cha umilikishi, -a, hurahisisha mruko huo. Kirai kama "wadukuzi wa Urusi" kina maana mbili: wadukuzi wanaotoka Urusi, na wadukuzi wanaoitumikia Urusi. Katika mazungumzo ya kawaida utata huu hauna madhara. Katika taarifa ya wizara ya mambo ya nje unaweza kuwa na madhara makubwa, kwa kuwa msemaji anaweza kudai kwamba alikusudia maana ya kwanza, na msikilizaji akajibu ile ya pili.

Kisa cha Estonia kinathibitisha jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 2007, baada ya serikali kuhamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn, tovuti za serikali, benki na magazeti zilishambuliwa kwa muda wa wiki kadhaa. Waziri wa Mambo ya Nje aliinyoshea kidole Ikulu ya Urusi kwa msingi wa anwani za kompyuta zilizoonekana katika mashambulio. Ilipofika Septemba mwaka huohuo, Waziri wa Ulinzi wa nchi hiyohiyo alikiri kwamba hakuweza kusema kwa hakika kuwa mashambulio hayo yaliendeshwa na vyombo vya serikali ya Urusi. Urusi ilikana, na ilikataa kutoa msaada wa kisheria katika upelelezi. Mtu aliyetiwa hatiani mahakamani mwaka 2008 alikuwa mwanafunzi mmoja, mkazi wa Estonia, aliyetozwa faini. Taifa lilikuwa limesema (1d), likarudi (1c), na mahakama ikaweza kuthibitisha sehemu ndogo tu ya (1c).

Kwa upande wa vitenzi, Kiswahili kina ngazi ambayo watumiaji wake huifuata bila kufikiri: kushuku, kutuhumu, kushutumu, kushtaki, kutia hatiani. Kushuku ni kwa moyoni. Anayeshuku hadaiwi ushahidi. Kutuhumu ni kuitoa shaka hiyo mdomoni. Kushutumu kunaongeza lawama, kwa maana kwamba anayeshutumu anaonyesha kuwa amekwisha kuamua. Kushtaki kunahitaji chombo cha kupokea mashtaka, na kutia hatiani kunahitaji hakimu. Katika vyombo vya habari vya Kiswahili vitenzi hivi huchanganywa mara kwa mara, hasa pale habari inapotafsiriwa kwa haraka. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Mombasa au Bujumbura hupokea shutuma mahali ambapo chanzo kilitoa tuhuma tu.

3.0 Lugha kama Ushahidi

Wapelelezi wa mashambulio ya kompyuta huangalia mambo mengi: namna programu haribifu ilivyoandikwa, saa ambazo washambuliaji hufanya kazi, seva walizokodi, fedha walizolipa. Miongoni mwa dalili hizo lugha ina nafasi yake, na ni nafasi yenye mtego.

Tarehe 12 Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani, ikafunga mafaili ya kompyuta zipatazo 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioathirika sana. Dai la fidia liliandikwa katika lugha 28, Kiswahili hakikuwamo. Wachambuzi wa kampuni ya Flashpoint walilinganisha matini hizo wakaona kwamba karibu zote zilitafsiriwa kwa mashine kutoka Kiingereza, na kwamba ni matini ya Kiingereza na zile mbili za Kichina tu zilizoonekana kuandikwa na binadamu. Matini ya Kichina ilikuwa na maelezo marefu kuliko nyingine na mtiririko wa mzawa wa lugha. Matini ya Kikorea nayo ilikuwa miongoni mwa zile za mashine. Kwa ushahidi wa lugha peke yake, kidole kingeelekea kwa mtu anayejua Kichina vyema. Hata hivyo, mwezi Desemba 2017 Marekani na Uingereza zilitangaza kwamba mhusika ni Korea ya Kaskazini, kwa misingi mingine. Hapa hapana lazima pawe na mgongano, kwani mtu anaweza kujua Kichina na kuitumikia serikali nyingine. Lugha humweleza mwandishi. Haimwelezi bwana wake.

Kisa cha pili ni cha mtu aliyejiita Guccifer 2.0. Juni 2016 alijitokeza akidai kwamba yeye, peke yake, ndiye aliyeingia katika kompyuta za chama cha Democratic cha Marekani, na kwamba anatoka Romania. Mwandishi wa habari alimtaka aeleze kwa Kiromania namna alivyofanya. Majibu yakawa mafupi na yenye makosa ambayo wazawa wa lugha hiyo waliyatambua. Jaribio hilo lilivunja dai, kwa sababu ujuzi wa lugha ni mgumu kuigiza. Kutojua lugha, kinyume chake, ni rahisi kuigiza. Jambo la kuzingatia ni kwamba jaribio lilionyesha nani *siye*, bila kuonyesha nani *ndiye*. Jibu la nani ndiye lilitolewa na mashtaka ya Marekani ya Julai 2018 dhidi ya maafisa 12 wa idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi. Ndani ya mashtaka hayo mna kipengele cha kuvutia kwa mwanaisimu: wapelelezi walidai kwamba tarehe 15 Juni 2016, saa chache kabla ya chapisho la kwanza la Guccifer 2.0, seva iliyotumiwa na maafisa hao mjini Moscow ilitumika kutafuta virai vya Kiingereza ambavyo baadaye vilionekana katika chapisho hilo. Ushahidi wenye nguvu haukuwa mtindo wa matini bali alama za mtu akihangaika kuitunga.

Kisa cha tatu kinahusu lugha ya programu. Katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko PyeongChang, Korea ya Kusini, tarehe 9 Februari 2018, kompyuta za waandalizi ziliharibiwa na programu iliyopewa jina la Olympic Destroyer. Sehemu moja ndogo ya programu hiyo, inayoonyesha zana zilizotumika kuitengeneza, ilifanana kabisa na ile ya programu zinazohusishwa na Korea ya Kaskazini. Wachunguzi walikuwa na kila sababu ya kuishia hapo. Wale wa kampuni ya Kaspersky waliendelea, wakalinganisha alama hiyo na mwili wa programu yenyewe, wakagundua kwamba haviafikiani: alama ilikuwa ya kubandikwa. Oktoba 2020 Uingereza na Marekani zilitangaza kwamba mhusika ni idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi, nayo Urusi ikakana.

Sasa turejee Anonymous Sudan. Sababu mojawapo iliyowafanya wachambuzi walishuku kundi hilo kuwa la Kirusi ni kwamba machapisho yake ya awali yalikuwa kwa Kiingereza na Kirusi, na kwamba lilishirikiana waziwazi na kundi la Kirusi la KillNet. Hoja ilikuwa nyepesi kufuata: Msudani angeandika Kiarabu. Oktoba 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili, raia wa Sudan, kwamba ndio walioendesha kundi hilo. Mashtaka si hukumu. Lakini yatosha kuonyesha kwamba kigezo cha lugha kilikuwa kimebebeshwa mzigo usio wake. Wanaisimu wa Afrika ya Mashariki, wanaoishi miongoni mwa watu wanaozungumza lugha tatu au nne na kuandika katika ile isiyo ya mama, wana sababu ya kushangazwa na dhana kwamba mtu huandika siku zote kwa lugha ya kwao. Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo haikusema kwamba kila wingu ni mvua.

4.0 Tuhuma kama Kitendo-Usemi

Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna semi ambazo hazielezi jambo tu bali hulitenda. Anayesema "ninaahidi" ameahidi. Semi hizo hazipimwi kwa ukweli na uongo peke yake. Hupimwa pia kwa masharti: je, msemaji ana mamlaka? Je, utaratibu umefuatwa? Je, msemaji yuko tayari kubeba matokeo?

Tuhuma ya dola dhidi ya dola ni usemi wa namna hiyo. Tarehe 7 Septemba 2022 Waziri Mkuu wa Albania alitangaza kwamba mashambulio ya Julai mwaka huo dhidi ya mifumo ya serikali yalifanywa na Iran, na papo hapo akatangaza kuvunja uhusiano wa kibalozi na kuwapa wanabalozi wa Iran saa 24 kuondoka. Iran ilikana. Kabla ya tamko hilo kulikuwa na kompyuta zilizoharibika. Baada yake kulikuwa na ubalozi uliofungwa. Tamko lenyewe ndilo lililobadilisha hali.

Ikiwa tuhuma ni kitendo, basi kunyamaza nako ni kitendo. Januari 2018 gazeti la Ufaransa, Le Monde, liliandika kwamba data kutoka makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililotolewa na China na kufunguliwa mwaka 2012, zilikuwa zikinakiliwa kila usiku kwenda Shanghai hadi mwaka 2017. China ilikanusha. Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika naye alikanusha. Hapa anayetajwa kuwa mhanga alikataa nafasi ya mlalamikaji. Bila ya mlalamikaji, habari ilibaki kuwa habari. Haikupata nguvu ya kitendo.

Kutokana na mifano hii yaweza kupendekezwa masharti manne ya tuhuma iliyo timamu baina ya mataifa:

(i) Msemaji awe na mamlaka ya kulisemea taifa. Mchambuzi wa kampuni hutoa maoni; waziri hutuhumu.
(ii) Kiwango kinachotajwa kiwe wazi: mashine, mtu au dola.
(iii) Kiasi cha uhakika kitajwe kwa neno ambalo msikilizaji analielewa kama msemaji anavyolielewa.
(iv) Pawe na njia ambayo mtuhumiwa, au mtu wa tatu, anaweza kuipitia ili kukagua.

Sharti la nne ndilo gumu zaidi. Mataifa hujua mengi kwa njia za kijasusi ambazo hayapendi kuzifichua. Marekani ilipotangaza tarehe 19 Desemba 2014 kwamba Korea ya Kaskazini ndiyo iliyoshambulia kampuni ya Sony Pictures, ilitoa sababu kwa muhtasari tu, na baadhi ya wataalamu wa nchi hiyohiyo wakabaki na mashaka. Korea ya Kaskazini ilipendekeza uchunguzi wa pamoja, na pendekezo halikukubaliwa. Maelezo ya kina yalikuja Septemba 2018, katika mashtaka dhidi ya raia mmoja wa Korea ya Kaskazini. Miaka takriban minne ilipita baina ya tuhuma na maelezo yake. Katika muda kama huo uvumi hujaza nafasi, na watu husema lisemwalo lipo.

5.0 Maneno ya Kupimia Uhakika

Sharti la tatu linahusu maneno kama *huenda*, *yamkini*, *yaelekea* na *bila shaka*. Tatizo la maneno ya aina hii lilionekana mapema katika ujasusi wa Marekani. Mwaka 1951 tathmini moja ilisema kwamba kushambuliwa kwa Yugoslavia ni jambo la kuhesabiwa kuwa na uwezekano wa dhati. Sherman Kent, aliyeshiriki kuiandaa, alieleza katika makala yake ya mwaka 1964 kwamba yeye alikusudia uwezekano wa asilimia 65 hivi. Alipowauliza wenzake waliokubaliana na maneno yaleyale, alikuta wengine walikusudia asilimia 20 na wengine asilimia 80. Watu walikuwa wametia sahihi neno moja na maana nyingi.

Tangu hapo nchi kadhaa zimefunga maneno kwa tarakimu. Katika kipimo cha Uingereza neno linaloweza kutafsiriwa "yaelekea" husimamia asilimia 55 hadi 75; katika kile cha Marekani neno hilohilo la Kiingereza husimamia asilimia 55 hadi 80. Mipaka haifanani hata baina ya washirika wa karibu wanaotumia lugha moja. Baina ya wasio washirika, na kupitia wakalimani, hali ni ngumu zaidi.

Kiswahili kina utajiri wa maneno haya, lakini hakijayapanga. *Huenda* na *pengine* humwacha msikilizaji katikati. *Yaelekea* huonyesha kwamba dalili zimeegemea upande mmoja. *Yamkini* kwa baadhi ya wasemaji ni uwezekano tu, na kwa wengine ni uwezekano mkubwa. *Bila shaka* ndilo lenye hatari kuliko yote: kwa maana ya juu linaondoa shaka yote, ilhali katika mazungumzo ya kila siku mtu husema "bila shaka atakuja" kwa maana ya kutumaini. Mfasiri wa taarifa ya kidiplomasia anayetumia neno hili bila uangalifu anaweza kupandisha uhakika wa tuhuma ngazi mbili bila mtu yeyote kukusudia.

6.0 Kutoka Tuhuma hadi Kuaminiana

Maneno *imani*, *amini*, *amana* na *amani* yameingia Kiswahili kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Ujirani huo unafundisha. Amana ni kitu kinachowekwa kwa mtu na ambacho mwenyewe anaweza kuja kukidai na kukiona. Imani ya mataifa katika uwanja huu inahitaji sifa hiyo ya amana: iwe inaweza kudaiwa na kukaguliwa. Aidha, kitenzi kinachohitajika ni *kuaminiana*, chenye kiambishi cha kutendana. Sarufi yake haikubali mtenda mmoja.

Juhudi za kimataifa zimefuata mkondo huo kwa mwendo wa polepole. Suala hili lilifikishwa katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na Urusi mwaka 1998. Mwaka huohuo, mwezi Februari, kulikuwa na kisa kilichoonyesha umuhimu wake. Marekani ilipokuwa ikijiandaa kwa uwezekano wa kuishambulia Iraq, kompyuta za Wizara yake ya Ulinzi ziliingiliwa, na njia mojawapo ilipitia kampuni ya intaneti ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Shaka ikaelekezwa Iraq. Upelelezi ulipokamilika, wahusika walikuwa vijana wawili wa California na mwenzao wa Israel. Kama shaka ile ingetangazwa kama shutuma, sababu ya vita ingekuwa utundu wa vijana.

Mwaka 2015 kikundi cha wataalamu wa serikali 20, Kenya ikiwamo, kilitoa ripoti yenye kanuni 11 za mwenendo wa mataifa. Ripoti hiyo inataka tuhuma zinazotolewa dhidi ya mataifa zithibitishwe, na inasema kwamba kuonekana kuwa tendo limeanzia katika ardhi ya nchi fulani huenda kusitoshe peke yake kuihusisha nchi hiyo na tendo hilo. Msomaji ataona kwamba hili ni onyo lilelile dhidi ya kuruka kutoka (1c) hadi (1d).

Hatua nyingine ni za kujenga mazoea ya kusemezana kabla ya tuhuma. Shirika la Usalama na Ushirikiano la Ulaya lilipitisha hatua 11 za namna hiyo mwaka 2013, zikaongezwa kufikia 16 mwaka 2016. Miongoni mwake ni kubadilishana orodha za istilahi za kila nchi. Juni 2013 Marekani na Urusi zilikubaliana kutumia vituo vyao vya kupunguza hatari ya nyuklia, vilivyotokana na mkataba wa 1987, kupeleka pia taarifa za matukio ya kompyuta. Mei 2024 Umoja wa Mataifa ulizindua orodha ya dunia ya maafisa wa mawasiliano, ili nchi inayoshuku ipate wa kumpigia simu. Julai 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuunda chombo cha kudumu cha mazungumzo haya. Kwa upande wa Afrika, Mkataba wa Malabo wa mwaka 2014 kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi ulianza kutumika mwezi Juni 2023, miaka tisa baada ya kupitishwa.

Yaweza kupingwa kwamba hatua hizi ni dhaifu. Makubaliano ya 2013 hayakuzuia matukio ya 2016, na mpaka sasa hapana chombo cha kimataifa chenye kazi ya kukagua ushahidi wa tuhuma hizi. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini kisa cha PyeongChang kinatoa tumaini la aina yake. Kampuni iliyofichua kwamba Korea ya Kaskazini imesingiziwa ina makao makuu Moscow, na nchi nyingi za Magharibi haziiamini. Hata hivyo, ugunduzi wake ulikubalika, kwa sababu mtaalamu yeyote aliyekuwa na nakala ya programu aliweza kurudia ulinganishi na kuona mwenyewe. Imani haikuwekwa kwa msemaji. Iliwekwa katika njia aliyoionyesha. Kutegemeana huko kwa wasioaminiana ndiko kunakowezekana kwa sasa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kumbainisha mhusika wa shambulio la kompyuta ni kazi ya lugha kama ilivyo ya ufundi. Ushahidi wa lugha una nguvu zaidi katika kukanusha kuliko katika kuthibitisha. Tuhuma iliyo timamu hutaja kiwango chake, hutaja kiasi cha uhakika, na huacha njia ya kukaguliwa. Tuhuma isiyo na sifa hizo, hata ikiwa ya kweli, humwachia anayetuhumiwa nafasi ya kukana na wasikilizaji nafasi ya kuchagua upande kwa mazoea.

Februari 2022 Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Maana yake ni kwamba nyaraka za namna hii zitahitaji kuandikwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili, na makosa yatakuwa na gharama. Kwa hiyo inapendekezwa, kwanza, kwamba *kushuku*, *kutuhumu*, *kushutumu*, *kushtaki* na *kutia hatiani* vitengewe maana katika istilahi za diplomasia na visitumiwe kama visawe. Pili, kwamba virai vya aina ya "wadukuzi wa nchi fulani" viepukwe, na badala yake yatumike maelezo yasiyo na utata: "wanaotoka", "waliotumia kompyuta zilizoko", au "waliotumwa na". Tatu, kwamba maneno ya uhakika yapangwe katika ngazi zenye tarakimu zinazojulikana kwa wote. Kazi hiyo ni ya vyombo vya istilahi vya Tanzania na Kenya kwa pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, na inafaa ifanywe wakati wa utulivu. Wakati wa shambulio hapana atakayekuwa na nafasi ya kufungua kamusi.